Alama ya Penseli

Pete ya fokasi ilipoanza kusaga, vidole vilijua kabla ya masikio. Ni kama kula ugali wa unga ulioanikwa chini: unatafuna vizuri, mara meno yanakutana na chembe ya mchanga, mwili mzima unasisimka. Nikazungusha tena taratibu, kushoto, kulia. Krr. Kidogo sana, lakini ipo. Nikaiinua lenzi kwenye mwanga wa dirisha, nikaichungulia kama mtu anayechungulia kisimani. Ndani, kwenye kioo cha pili, nyuzinyuzi nyeupe zilikuwa zimetandaa kama mizizi ya mche uliong'olewa kitaluni. Mchanga kwenye pete, kuvu kwenye kioo. Maradhi mawili, mgonjwa mmoja.

Lenzi hii niliirithi kwa mjomba, ndugu wa mama, aliyekuwa na studio Shinyanga mjini enzi za mikanda na chumba cha giza. Ni Helios 44-2 ya milimita 58, iliyokuja ikiwa imefungwa kwenye kamera ya Zenit E kutoka Urusi ya enzi za Kisovieti. Muundo wake ulitokana na Biotar ya Wajerumani wa Zeiss: vioo sita katika mafungu manne, na katikati yake vipande vinane vyembamba vya chuma vinavyojikunja na kujikunjua kama mboni ya paka. Haina waya, haina mota, haina betri. Kwa jicho hili mjomba alipiga picha za vitambulisho za vijana waliokuwa wakienda kutafuta kazi Mwadui, kwenye almasi, kila mmoja amevaa shati la kuazima. Zenit ilikufa zamani. Lenzi ikabaki, na kwa pete ndogo ya kuunganishia imekaa kwenye kamera yangu ya kidijitali miaka yote hii, ikiona harusi, vipaimara na misiba ya Kahama.

Najua mchanga ulipoingilia. Wakati wa kiangazi nilikwenda upande wa Mwime kuwapiga picha wachimbaji wadogo, nikasimama karibu mno na karasha. Asiyeijua karasha aifikirie mashine inayotafuna mawe mchana kutwa na kutema unga. Mawe yakitoka duarani, kwenye shimo la mchimbaji, yakiwa makubwa kama kichwa cha mtoto, huingia mle na kutoka laini, tayari kwa mwalo, mahali pa kuoshea dhahabu. Vumbi lake hupanda, hutanda, kisha hushuka polepole juu ya kila kitu: nywele, kope, majani ya miembe, chai iliyo kikombeni. Na kuvu najua kulikotokea. Masika nzima lenzi ililala ndani ya mfuko wa ngozi, juu ya kabati, pasipo hewa wala mwanga. Hilo ni kosa langu mwenyewe.

Fundi wa lenzi Kahama sikumjua. Mafundi simu tunao wengi, na wana mikono ya ajabu, lakini niliowaendea waliipokea, wakaigeuzageuza, wakanirudishia kwa heshima. Kuipeleka Mwanza au Dar es Salaam gharama yake ingezidi bei ya lenzi nyingine kama hiyo. Basi Jumapili moja nikaamua kuifungua mwenyewe, nyumbani, juu ya meza ya kulia.

Kwanza nilinyunyiza maji sakafuni, kama mama alivyokuwa akifanya kabla ya kufagia uwanja, ili vumbi lilale. Nikazima feni. Nikatandika shuka jeupe mezani, kwa sababu skrubu ikidondoka juu ya mbao inaruka, juu ya kitambaa inatulia. Vifaa vyangu vilikuwa hivi: bisibisi ndogo nilizouziwa na fundi simu, kibano, kipande cha tyubu ya baiskeli, spiriti, kitambaa laini cha kufutia miwani, pampu ndogo ya mpira ya kupulizia, na bikari yenye ncha mbili za chuma kutoka mkebe wa hesabu wa binti yangu. Kisha trei ya mayai, tupu, yenye mashimo 30. Kila kitakachotoka kitaingia kwenye shimo lake kwa mfuatano, cha kwanza shimo la kwanza, cha pili la pili. Mwisho, penseli.

Kuhusu vumbi ninalo la kusema, maana ndiko nilikojifunza jambo la kwanza. Dhahabu ya kwetu kwa sehemu kubwa hukaa ndani ya mishipa ya jiwe jeupe liitwalo kwatsi. Wajiolojia wana kipimo cha ugumu kinachoitwa cha Mohs, chenye ngazi 10. Almasi, ile ya Mwadui, iko kwenye 10. Kwatsi iko kwenye 7. Kioo cha kawaida huzunguka 5 na nusu. Maana yake ni kwamba kila chembe ya kwatsi katika vumbi la karasha ni ngumu kuliko kioo itakachokiangukia. Ukiifuta kwa kitambaa hujafuta, umekwangua. Ndiyo maana aliyefunzwa hupuliza kwanza, akapuliza tena, akageuza kioo kikatazama chini, ndipo akagusa. Na kioo chenyewe asili yake ni mchanga huohuo, ulioyeyushwa ukapoa ukiwa angavu. Unapoisafisha lenzi unautenganisha mchanga na mchanga: ule tulioufundisha kuona na ule ulio kipofu.

Nikazungushia kipande cha tyubu kwenye pete ya mbele, ile yenye jina la lenzi, nikakaza kiganja, nikageuza. Ikagoma. Nikapumzika, nikageuza tena, ikaachia kwa mlio mdogo kama kifuniko cha chupa ya asali iliyoganda. Chini yake kulikuwa na pete nyingine yenye mifereji miwili, na hapo ncha za bikari zikapata kazi ambayo mwalimu wa hesabu hakuifikiria. Fungu la kwanza la vioo likatoka. Kabla ya kulitoa nilichora kistari cha penseli ukingoni, upande unaotazama nje, maana kioo kikisafishwa hakisemi tena uso wake ni upi. Na huku ndani nikakuta nyayo za mtu. Skrubu moja ilikuwa na kichwa kilichoparuzwa na bisibisi isiyolingana. Kwenye vile vipande vinane vya chuma kulikuwa na mafuta yaliyosambaa, mepesi, ya cherehani. Miaka mingi iliyopita mtu aliyemtakia mema mjomba aliona pete nzito, akadondoshea mafuta. Pete ikalainika siku ile. Baadaye mafuta yakatambaa yakafika kwenye vile vipande, yakavigandisha kimoja na kingine. Sikumkasirikia. Alifungua kwa huruma, akafunga kwa haraka.

Nilisimamisha kazi, nikabaki natazama trei ya mayai. Mashimo saba yalikuwa yamejaa tayari, na mezani lenzi ya mjomba ilikuwa imekuwa bomba tupu. Hofu iliyonipata pale naikumbuka hadi leo. Kuvunja hakukuwa kumenitisha, kwa maana ilikuwa imeshaharibika. Kilichonitisha ni kwamba nilikuwa nimefika mahali ambapo kurudi kunategemea kumbukumbu yangu peke yake.

Mimi ni mtu wa Mwendakulima, na kwetu kufungua tunakujua. Tumekua tukiona ardhi ikifunguliwa. Mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, jirani yetu, uliosainiwa London mwaka 2007, uliwasha moto bungeni mwaka huohuo hadi Zitto Kabwe akasimamishwa ubunge kwa sababu ya hoja yake kuhusu mkataba huo. Mwaka 2009 mgodi ukaanza kuzalisha. Machi 2017 serikali ikazuia kusafirisha nje makinikia, ule mchanga wenye dhahabu na shaba kutoka Buzwagi na Bulyanhulu, na makontena 277 yakasimama bandarini Dar es Salaam huku nchi nzima, kutoka vijiwe vya kahawa hadi kwenye daladala, ikitaka jambo moja: yafunguliwe tuone kilichomo. Ilikuwa hamu ya haki. Mwenye mali ana haki ya kuona ndani ya sanduku lake. Kisha mwaka 2021 uzalishaji Buzwagi ukakoma, na tukaanza kujifunza neno ambalo halikuwa na nafasi katika nyimbo zetu za dhahabu: kufunga.

Kufunga mgodi ni kazi ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mashine zinang'olewa, maji yanapimwa, miteremko ya kifusi inalazwa isiporomoke, udongo wa juu unarudishwa, miti inapandwa. Serikali ikatangaza kwamba eneo litageuzwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, na Barrick, kampuni yenye mgodi, nayo ikageuza sehemu ya majengo kuwa chuo chake cha mafunzo. Ni mambo mema, na yanastahili kufanikiwa. Lakini shimo lenyewe halikurudi kuwa lilivyokuwa, wala haliwezi. Kilichotoka mle kimeshakuwa pete na mikufu na akiba za mabenki ya mbali. Hakuna trei ya mayai inayoweza kuyapanga mawe ya kilima kwa mfuatano ili siku moja yarudi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa kitu kidogo namna ile. Nilikuwa nafanya kazi ambayo nchi yangu ya dhahabu haikunifundisha. Ilinifundisha kufungua ili kutoa. Lenzi ilikuwa inanidai nifungue ili kurudisha. Na kurudisha kunaanza kabla ya kutoa, kwenye kile kistari cha penseli unachochora wakati kila kitu bado kiko mahali pake na unaona hakina haja.

Alasiri skrubu moja ikanitoroka. Niliisikia ikigusa sakafu mara mbili, kisha kimya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: nikainama na tochi ya simu, shavu likiwa kwenye sakafu yenye unyevu, hadi nikaiona iking'aa kando ya mguu wa kabati. Haikuzidi punje ya ulezi. Bila hiyo pete ingecheza, na kila picha ningeisingizia mkono wangu.

Kaka yangu alikuja jioni, akaketi upande wa pili wa meza bila kugusa kitu. Yeye alilisha karasha kwa miaka mingi, akiwa amejifunga kitambaa puani. Siku hizi akipanda ngazi mbili anasimama. Nilikuwa nasafisha uzi wa pete ya fokasi kwa spiriti, na kitambaa kilikuwa kinatoka na uji wa kijivu, grisi ya zamani iliyochanganyika na unga wa mawe. Akautazama.

"Hilo ni vumbi la Mwime," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Na linatoka lote?"

"Nikiwa na subira, linatoka."

Akakohoa, akanyamaza kidogo. "Langu, mdogo wangu, halina skrubu."

Sikuwa na jibu. Daktari alikwisha kumweleza, na mimi nilikuwepo. Unga wa kwatsi ulio laini kabisa, ule usioonekana kwa macho, hupita pua na koo ukafika chini mwa mapafu. Mwili unajaribu kuuzungushia kovu, na kovu likizidi, pumzi inapungua. Makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Kilichopo ni kuzuia: kulowesha mawe yasitoe vumbi, kuvaa barakoa inayochuja kweli badala ya kitambaa, kukaa upande ule upepo unakotokea. Maji, ndoo chache za maji. Nilinyunyiza maji sakafuni kwa ajili ya lenzi ya miaka hamsini, na kwa miaka yote ile hakuna aliyemnyunyizia kaka yangu. Naliandika hili ili mwenye karasha atakayelisoma asiseme hakuambiwa.

Tukakaa wote wawili tukifanya kazi. Yeye alishika tochi. Kuvu niliifuta kwa haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, kwa mizunguko midogo kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha spiriti, kisha pumzi na kitambaa. Nyuzi nyeupe zilitoka. Lakini nilipokilaza kioo kwenye mwanga wa pembeni niliona michirizi hafifu ilikokuwa imelala mizizi ya kuvu. Kuvu inapokula uchafu juu ya kioo hutoa asidi, na asidi hula ule utando mwembamba waliopaka viwandani ili kioo kisiakisi mwanga. Utando ukiliwa haurudi kwa kusafisha. Lenzi yangu itabaki na alama hiyo hadi mwisho, na ikitazama jua moja kwa moja picha itafifia kidogo.

Nikamkumbuka mpigapicha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliyeanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 na ambaye mwaka 1984 aliionyesha dunia njaa ya Ethiopia. Mwaka 1991, Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka na kumkata mkono wa kushoto. Alitengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini, akaendelea kupiga picha hadi kifo chake mwaka 1996. Mkono haukurudi. Kazi ilirudi. Tangu usiku ule natofautisha mambo mawili niliyokuwa nikiyaita kwa jina moja. Kupona ni kitu kurudi kilivyokuwa. Kutengemaa ni kitu kurudi kwenye wajibu wake kikiwa na kovu. Tukidai kupona tu, tutatupa vingi vinavyoweza kutengemaa.

Siku ya pili ilikuwa ya kufunga, na hapo penseli ikanisaliti. Pete ya fokasi hukaa juu ya uzi wa skrubu usio wa kawaida: hauna mwanzo mmoja bali mianzo kadhaa, na kila mwanzo unakubali. Ukiingiza kwenye usio wake pete itazunguka laini, itakudanganya, lakini lenzi haitaona mbali. Mahali uzi ulipoachana nilikuwa nimeweka kistari. Jana yake, katika bidii ya kusafisha, niliufuta uzi wote kwa spiriti, na kistari kikaondoka na uchafu. Picha niliyokuwa nimeipiga kwa simu ilionyesha kidole changu na kivuli chake.

Basi ikabaki kujaribu. Nilipaka grisi mpya, kidogo kuliko nilivyotamani, nikaingiza uzi, nikafunga, nikatoka nje. Kutoka kwetu, ukitazama upande wa Buzwagi, kinaonekana kilima kisichokuwepo nilipokuwa mtoto. Ni kifusi: mawe yaliyotolewa shimoni ili dhahabu ifikiwe, yakalundikwa. Ni kitu cha mbali kilicho kikubwa na chenye ukingo ulionyooka, hakuna bora zaidi cha kupimia. Nikazungusha pete hadi mwisho, kwenye ile alama ya nane iliyolala inayomaanisha mbali kabisa. Kilima kilikuwa wingu. Nikarudi ndani, nikafungua, nikahesabu mwanzo unaofuata. Nikatoka. Bado wingu, ila wingu jepesi zaidi. Kaka alikuwa amekaa chini ya mwembe akinifuata kwa macho, kila nikitoka anauliza kwa kidevu, kila nikirudi ananyamaza.

Mara ya tano kilima kilisimama. Niliona ukingo wake ukikata anga. Niliona ngazi za miteremko iliyolazwa, na juu yake kitu ambacho kwa macho matupu sikuwa nimekitambua: vichaka vya kijani, vifupi, vimejipanga kwa mistari. Mtu alikuwa amevipanda. Nikampa kaka kamera. Akaiweka jichoni, akakaa nayo muda mrefu, akipumua kwa mdomo.

"Wamepanda," akasema.

Kabla ya kuifunga moja kwa moja niliifungua mara ya mwisho. Nikachukua sindano ya kushonea, na pale uzi unapokutana, kwenye chuma chenyewe, nikakwangua alama mbili ndogo zinazotazamana. Spiriti haitazifuta. Mimi huenda nisizihitaji tena. Miaka itapita kabla pete haijaanza kusaga tena, na siku hiyo lenzi itakuwa kwenye meza ya mtu mwingine, pengine binti yangu, aliyekwisha kuidai bikari yake. Atafungua kwa hofu ileile. Atakuta kichwa cha skrubu kilichoparuzwa na yule wa kwanza, atakuta michirizi ya kuvu kutokana na uzembe wangu. Na atakuta alama mbili za sindano, azisogeze zikutane.